Nani Aliwaambia Nyuki wa Mzee Wilf?

Gareth Loxley ndiye aliyemkuta. Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limeshatoka baada ya mvua ya usiku kucha, na yeye amekwenda kuomba msamaha. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Akagonga mlango wa nyuma, akaita "Mzee Wilf!", kimya. Akaita tena, kimya. Akazunguka mpaka kwenye ghala, na chini ya zile ngazi za mawe akamwona Wilfred Haddow amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua, nguo chapachapa, kofia yake ya majani imebingirika kule.

Gareth ni jitu la mtu. Anambeba kondoo mzima kama wewe unavyobeba mto wa kulalia. Lakini alipopiga simu polisi alikuwa analia mpaka yule wa upande wa pili akamuuliza jina la kijiji mara tatu.

"Marlwick," akasema. "Marlwick, jamani! Kwa mzee wa nyuki."

Sajenti Hilary Pask akafika kabla ya saa tano. Huyu ndiye polisi wa bonde zima, mwanamke mmoja na gari lake tu, na Marlwick ndiko alikozaliwa. Hakuhitaji kuelekezwa njia. Pale getini kwa mzee kulikuwa na kile kimeza chake cha siku zote: mayai, mifuko ya nyanya, na kopo la kuwekea hela, unachukua unalipa, hakuna anayekusimamia. Hilary akapita, akamkuta Gareth kwenye majani, kichwa katikati ya magoti.

"Umemgusa?"

"Shingo tu. Wa baridi kabisa, Sajenti."

Hilary akainama. Mzee wa miaka sabini na tisa, ngazi za mawe, mtu yeyote angesema kateleza. Yeye mwenyewe nusura aseme hivyo. Ila mkono wa shati la mzee, pale kwenye bega, mshono ulikuwa umeachia. Ukiteleza huchani shati begani. Shati linachanika hapo ukivutwa.

Akanyanyuka na kutazama bustani. Ndipo alipoona mizinga.

Mizinga yote ya Mzee Wilf, ile ya mbao iliyopangwa chini ya miti ya matofaa, ilikuwa imefungwa vitambaa vyeusi. Kila mzinga na kitambaa chake. Nyuki wanaingia, wanatoka, kama kawaida yao.

Sasa hili kwetu halimshangazi mtu. Mwenye nyuki akifa, nyuki lazima waambiwe. Unachukua ufunguo wa nyumba, unagonga mzinga taratibu, unawaambia kwamba bwana wenu hayupo tena, kisha unaufunga kitambaa cheusi. Usipowaambia watahama, au watakufa wote. Mjini watakucheka. Marlwick mtu hacheki.

"Umefanya vizuri kuwaambia," Hilary akasema.

Gareth akainua uso. "Kuwaambia nani?"

"Nyuki."

"Mimi? Sajenti, mimi nyuki mmoja akiniuma navimba mpaka nalazwa. Sijasogea hata hapo kwenye mti. Vitambaa nimevikuta vimeshafungwa."

Hilary akaenda mpaka mzinga wa kwanza, akakibana kwa vidole kile kitambaa, kingo zake zimekatwa menomeno. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Akapiga hesabu. Mvua ilianza Ijumaa jioni, ikakatika alfajiri. Maiti imeonekana saa nne. Kitambaa kimelowa kama kilikuwa ndani ya ndoo.

Maana yake kuna mtu alishajua tangu jana.

*

Watu wakaanza kukusanyika getini, unajua tena. Hakuna aliyeuliza kitu, kwetu watu hawaulizi, wanasimama tu na kuzungumzia mvua. Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Connie Prewett, mwalimu mkuu wa shule yetu ndogo, na chupa ya chai na vikombe ndani ya kikapu.

"Hilary, mwanangu, umekonda," akasema. Huyu ndiye aliyemfundisha Hilary kusoma. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kunywa kwanza. Gareth na wewe, kunywa."

"Pole, Mwalimu. Najua mlikuwa marafiki."

"Miaka thelathini jirani. Ukuta mmoja."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Alhamisi, ukumbini. Kama kila mtu."

"Na hivi vitambaa, unajua nani kavifunga?"

Mwalimu Connie akaitazama mizinga, kisha akakiangalia kikombe. "Watu wema bado wapo," akasema, akamimina chai nyingine.

Daktari wa bonde, ambaye ndiye aliyekuwa akimtibu mzee, alipomaliza kumkagua akamvuta Hilary pembeni. Mzee kafariki Ijumaa, asubuhi au mchana. Nyonga imevunjika, damu imevujia ndani. "Kibaya ni hiki," daktari akasema. "Hakufa palepale. Amekaa hapo saa kadhaa. Mtu angeita gari la wagonjwa, tungekuwa tunaongea naye leo."

*

Ili uelewe kwa nini Hilary alianza na Gareth, lazima ujue ya Alhamisi.

Alhamisi jioni kijiji kizima kilikuwa ukumbini. Halmashauri ya wilaya ilimtuma mama mmoja kuja kusikiliza maoni ya wakazi, tunataka maisha ya hapa yaboreshwe vipi. Akabandika ramani ya kijiji ukutani, kubwa kama shuka, akaweka mezani vikopo vitatu vya pini. Nyekundu, jenga nyumba hapa. Bluu, tengeneza hapa. Kijani, paache palivyo. Kila mkazi pini moja. Hakuandika popote, alieleza kwa mdomo tu, halafu watu wakapanga foleni.

Bluu zilikwenda kwenye mtaro na njia ya miguu. Duka, mtandao, baa iliyofungwa, yote yakasemwa. Lakini kila mtu alikuwa anasubiri pini moja tu, ya Mzee Wilf, juu ya Konde Refu.

Shule yetu ilikuwa na watoto kumi na tisa. Wilaya ilishasema: bila familia changa kuja, mwisho wa Julai inafungwa. Familia changa hazina pa kukaa, nyumba zote nzuri wamenunua watu wa London wanaokuja na mbwa wao wikiendi. Palikuwa na sehemu moja tu ya kujenga, Konde Refu, la Mzee Wilf. Mama wa wilaya akasema wazi, mwenye ardhi akisema hapana, basi tena. Na mzee alikuwa amemwahidi Mwalimu Connie tangu majira ya kuchipua: nitatoa.

Akasimama. Akatembea taratibu mpaka mezani, akachagua pini, akaichomeka katikati ya Konde Refu. Kijani.

Akatabasamu, akavaa kofia, akatoka zake. 

Ukumbi ukawa kama kanisa. Hakuna aliyemkimbilia kumuuliza vipi mzee, mbona hivi. Kwetu huulizi. Ila Gareth alisimama akapiga ukelele mlango ukiwa bado wazi: "Ufe na konde lako, mzee! Ufe nalo!"

Watu zaidi ya hamsini walisikia.

*

Gareth na mkewe Jodie wanaishi kwenye karavani nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Jodie alikuwa mjamzito wa miezi saba. Hilary alipofika Jumamosi mchana, Gareth alikaa kwenye ngazi ya karavani, inaonekana kabisa kwamba ndani hawaenei watatu.

"Najua umefuata nini," Gareth akasema. "Nilisema afe. Kafa. Nifunge pingu."

"Acha upuuzi. Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya kilima, nakata kondoo manyoya. Tangu alfajiri mpaka giza. Tulikuwa sita. Waulize, watakwambia nilivyokuwa nanuka."

"Nitawauliza."

"Mzee Wilf hakuwa mtu mbaya, Sajenti. Nilikuwa nanunua nyanya zake, mbichi na mbivu mfuko mmoja. Namwambia, Mzee, hizi za kijani za nani? Anacheka tu. 'Za wenye meno,' anasema." Gareth akajifuta pua. "Nilikuwa naenda kumwambia samahani. Basi. Jodie alinilazimisha."

"Nani hapa kijijini anajua mambo ya kuwaambia nyuki?"

"Wote tuliosoma hapa. Hata wewe. Mwalimu Connie si alikuwa anatupeleka kwa mzee kila kiangazi? Mzee anaeleza, sisi tunakula asali."

Hilary akaitikia kwa kichwa. Ni kweli, hata yeye alikula ile asali.

Wakata manyoya watano wakasema maneno yaleyale, kila mmoja kivyake. Gareth hakuondoka kule hata kwenda haja bila kuonekana. Huyo akatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Zamu ikawa ya Bwana Julian Amory. Huyu ni mwanasheria mstaafu kutoka London, amenunua nyumba ya zamani ya mchungaji, ambayo madirisha yake yote yanatazama Konde Refu. Ndiye aliyeongoza kundi la pini za kijani. Na wiki iliyopita Mzee Wilf alimtoa bustanini kwa ufagio.

"Kwa ufagio, ndiyo," Bwana Amory akakubali, akimsukuma mbwa ashuke kwenye kochi. "Nilitaka kulinunua lile konde. Akaniambia, 'Utalilima na nini, Julian, na kalamu?' Nilicheka. Tulikunywa bia baadaye. Sajenti, hebu fikiri. Alhamisi mzee ameweka kijani. Nimepata nilichotaka bure! Nimuue kwa nini Ijumaa?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma Hilary. Waliopenda kijani hawakuwa na sababu. Sababu ilikuwa upande wa pili, upande wa watu anaowajua kwa majina ya utotoni.

"Ijumaa asubuhi ulipita pale?"

"Na mbwa, kama saa moja na nusu. Nilisikia sauti ya mwanamke upande wa ghala. Kali. Nikadhani redio."

"Hukuchungulia?"

Bwana Amory akaonekana kama ameulizwa kama huwa anaiba. "Mtu hachungulii, Sajenti."

"Mlikuwa mnaongea nini, wewe na mzee, mkinywa hiyo bia?"

"Treni. Alikuwa mwendawazimu wa treni. Aliniambia ujanani alitaka kuwa dereva, akaenda kupimwa, wakamkataa siku hiyohiyo."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza." Akamkuna mbwa masikio. "Nyinyi wa huku ndio mlionifundisha kutouliza."

*

Sauti ya mwanamke. Hilary akarudi karavani, na safari hii Gareth alimzuia mlangoni.

"Hapana. Mimi sawa, lakini yeye hapana."

"Sogea, Gareth."

"Ana mimba, wewe mwanamke una moyo kweli?"

"Mwache apite, wewe nawe," Jodie akasema kutoka ndani. "Utanizalisha kwa kelele."

Jodie alikuwa amekaa na miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, imemvimba. Pembeni yake nguo ndogo za mtoto, ameshona mwenyewe. Hilary akaziangalia zile nguo, akaziangalia kingo zake, na Jodie akamwona anaziangalia.

"Ijumaa asubuhi nilikuwa kliniki mjini," Jodie akasema kabla hajaulizwa. "Presha. Mama alinipeleka tangu saa moja. Piga simu." Akakunja nguo moja ya mtoto. "Unajua daktari aliniambia nini? Nipumzike mahali penye nafasi. Nikamuuliza, una pa kunipeleka?"

Hilary akapiga simu. Kliniki wakasema ndiyo, alikuwepo, jina na saa.

Akatoka pale akiwa amepata nafuu, lakini alipofika kwenye gari akajiuliza. Amebaki nani?

*

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Hilary alichukua ufunguo wa ukumbi akaingia peke yake. Ramani bado iko ukutani. Juu, kutoka boriti hadi boriti, bado kuna vile vibendera vya pembetatu vya siku ya Alhamisi, vyekundu na vyeupe, vimeandikwa herufi mojamoja OKOENI SHULE YETU.

Akapanda kiti, akashusha kibendera kimoja. Kingo zake zilikatwa kwa mkasi wa meno, ule wa washonaji, unaokata kama msumeno ili kitambaa kisifumuke. Akatoa mfukoni kile kitambaa cheusi cha mzinga wa kwanza. Meno vilevile. Mkasi wa meno si kitu cha ajabu, unauzwa kila mahali. Lakini kwenye kitambaa cheusi, baada ya kila meno kadhaa palikuwa na sehemu moja butu, jino halipo. Akaweka kibendera juu yake. Meno, meno, butu. Meno, meno, butu. Vikalingana kama vimezaliwa pamoja.

Akakaa kwenye kile kiti. Alijua ni mkasi wa nani. Kila mtoto wa Marlwick aliyewahi kuwa malaika kwenye mchezo wa Krismasi alivaa mabawa yaliyokatwa na mkasi ule.

Hakuondoka. Alikuwa anaangalia ile pini ya kijani ya mzee, katikati kabisa ya Konde Refu, na kuna kitu kilikuwa hakimkai sawa. Mzee amemwahidi rafiki yake wa miaka thelathini. Amekuja kumgeuka mbele ya watu, na anatabasamu? Mzee Wilf hakuwa mtu wa dhihaka. Akaviangalia vile vikopo vitatu mezani. Chekundu na cha kijani vimekaa bega kwa bega.

Nyanya mbichi na mbivu, mfuko mmoja. Reli wamemkataa siku ya kupimwa.

Akampigia simu daktari nyumbani. "Macho ya Mzee Wilf," akasema. "Yalikuwa na nini?"

"Aliona vizuri tu kwa umri wake," daktari akasema huku anatafuna. Kisha akaacha kutafuna. "Ila nyekundu na kijani, hapana. Tangu kuzaliwa. Kwake ilikuwa rangi moja. Alikuwa anaona aibu, aliniomba nisimwambie mtu. Kwani vipi?"

Hilary akashukuru, akakata simu. Alikuwa anaangalia pini.

*

Jumatatu, saa tisa na nusu mchana, watoto wameshatoka. Mwalimu Connie alikuwa darasani peke yake anaosha brashi za rangi kwenye beseni. Hilary akaingia, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Bado unakaa kilekile," Mwalimu akasema. "Karibu na dirisha. Ulikuwa husikilizi, unaangalia kunguru."

"Mwalimu, naomba niazime mkasi."

"Upi?"

"Wa meno."

Maji yakaacha kuvurugika kwenye beseni. Mwalimu Connie akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akafungua kabati, akaja na mkasi akauweka mezani mbele ya Hilary.

"Kuna jino limevunjika tangu Krismasi," akasema. "Nilikuwa nasema nitanunua mwingine."

Hilary akaweka kitambaa cheusi kando ya mkasi. Hakukata kitu.

"Kilikuwa kimelowa, Mwalimu. Mvua ilimkuta mzee amelala na ikakuta mizinga imefungwa. Uliwaambia Ijumaa."

"Baada ya shule," Mwalimu Connie akasema. "Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake. Nikagonga, nikawaambia. Nisingeweza kuwaacha hawajui, Hilary. Alikuwa anawapenda sana."

"Na asubuhi?"

Mwalimu akavuta kiti kingine kidogo, akakaa. Wakawa watu wazima wawili kwenye viti vya watoto wa miaka sita.

"Sikulala Alhamisi. Saa moja na nusu nikaenda. Alikuwa juu ya ngazi anashusha fremu za asali. Nikamfuata hukohuko juu. Nikamwambia, Wilf, uliniahidi. Umeniua mbele ya watu. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akacheka, Hilary. Akasema, 'Connie, si nimeshakupa konde? Unalilia nini tena?' Akataka kunipita ashuke. Alikuwa ananicheka! Nikamshika bega. Nikamvuta anisikilize. Akaenda chini."

"Ulijua kwamba yuko hai?"

"Aliniita jina."

 Dirishani kulikuwa na michoro ya watoto inakauka, nyumba, jua, mbwa mwenye miguu mitano.

"Simu ilikuwa mfukoni," Mwalimu akasema. "Niliitoa. Halafu nikakumbuka mpwa wake wa Kanada, kila mtu anajua yeye atauza siku atakayorithi, hajali. Nikasema hapana, Connie, mbaya wewe, piga. Nikaona saa. Watoto wanafika saa mbili na nusu, na getini hakuna mtu mwingine wa kuwapokea. Nikasema nikafungue geti, halafu nipige. Nikafungua. Nikasema niite majina kwanza. Nikaita majina. Halafu wakubwa wakawa na hesabu. Halafu mdogo wa akina Stroud akaumia goti." Akakunja mikono. "Kila nilichofanya nilikuwa nasema, hiki tu, kisha napiga. Mchana nikajua kwamba sitapiga."

"Mwalimu."

"Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye chumba hiki. Wakifunga, kijiji kimekufa. Unajua wewe. Nilimpima Wilf na watoto kumi na tisa. Ndivyo nilivyojiambia." Akafuta meza kwa kiganja. "Ila kama asingenicheka. Kama angesema tu, samahani, nimebadili mawazo."

Hapo Hilary angeweza kunyamaza. Kesi ilikuwa imekwisha, ameshakiri, hakuna sheria inayomdai aseme zaidi. Alifikiria kunyamaza. Lakini mahakamani daktari angesema, na ingekuwa vibaya zaidi kulisikia pale mbele za watu.

"Hakukucheka," akasema.

"Nilikuwepo, Hilary."

"Alikuwa haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Tangu kuzaliwa. Daktari wake kaniambia. Reli walimkataa kwa hilo, na nyanya zile zilichanganyika kwa hilo. Alisimama pale mezani, akaona vikopo viwili vya rangi moja, akaona haya kuuliza." Hilary akakunja kile kitambaa cheusi. "Alidhani ameweka nyekundu. Alivyokuambia amekupa, alikuwa amekupa."

Mwalimu Connie hakulia. Alikaa tu, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo hajafundishwa. Nje mtu alipita na trekta, sauti ikaja, ikaenda, ikaisha kabisa, na yeye bado yuko vilevile.

"Ningemuuliza," akasema mwishowe. "Neno moja tu. Kwa nini, Wilf. Sikumuuliza kwa nini. Nilimwambia umeniahidi, umeniua, umefanya hivi, umefanya vile. Kwa nini sikusema."

"Hakuna aliyeuliza, Mwalimu. Ukumbi mzima."

"Mimi nafundisha watoto kuuliza!" Hiyo ilitoka kwa nguvu mpaka Hilary akashtuka. Halafu Mwalimu akainuka, akarudi kwenye beseni, akamalizia brashi zilizobaki, akazisimamisha kwenye kopo, manyoya juu. Hilary akamwacha amalize.

Mlangoni Mwalimu akavaa koti, akasimama. "Wadogo kesho wana hesabu za kutoa," akasema. "Atakayekuja awaanzie taratibu. Wanachanganyikiwa wakikopa kwenye makumi."

"Nitamwambia."

Wakatoka. Hilary hakumfunga pingu.

*

Hilary alijaribu. Wiki ileile alikwenda wilayani, akamweleza yule mama wa ramani habari yote ya macho ya mzee. Mama alitoa machozi kabisa, lakini akasema maoni ya mkazi ni ya mkazi mwenyewe, mwingine hawezi kumbadilishia, na mwenyewe hayupo. Ikabaki hivyo: Konde Refu, liachwe lilivyo.

Mpwa wa Kanada aliuza, kama kila mtu alivyojua. Alimuuzia Bwana Amory, ambaye hakulilima kwa kalamu wala kwa kitu kingine. Majani yamefika kiunoni. Yeye mwenyewe siku hizi haonekani kufurahia yale madirisha, mapazia ya upande ule anayafunga.

Gareth na Jodie walivuta karavani wakahamia karibu na mji wiki mbili kabla mtoto hajazaliwa. Ni wa kike. Shule ilifungwa mwisho wa Julai. Mwalimu Connie alihukumiwa Novemba, akasimama wima, akajibu kila swali kwa sentensi kamili.

Watoto waliobaki wanachukuliwa na basi la wilaya saa moja na nusu asubuhi, pale kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita. Mama zao wanapunga mkono mpaka lipinde kona. Halafu kila mtu anaingia ndani, na Marlwick haisikiki tena mpaka jioni.